Mwaliko wa Kipaza

Mkurugenzi wafanyakazi walimbandika jina la Kipaza, maana akishashika kipaza sauti, kukitoa mkononi mwake ni sawa na kumnyang'anya fisi mfupa. Kila mwaka aliwaalika kwenye hotuba yake, na kila mwaka mwaliko wa barua pepe uliishia kwenye folda ya barua taka. "Hatukuuona, bosi," wakamwambia kwa sura za msiba.

Mwaka huu kazi ya kualika akapewa karani mpya, binti mpole ambaye hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. "Ukumbi ukiwa mtupu tena," Kipaza akamwambia, "utafute kwingine kwa kujaribiwa."

Binti akafungua mialiko ya zamani. Lo! Kichwa cha barua, herufi kubwa tupu: USIKOSE!!! BAHATI YAKO NI LEO!!! Chini yake picha za Kipaza, nzito kama magunia, na mialiko yote imetumwa kwa mkupuo kutoka anwani yake ya nyumbani. Mtambo gani wa barua usingedhani ni matapeli? Akaondoa kelele, akaondoa picha moja moja, kwa hofu, kana kwamba zinamtazama. Akatumia anwani ya ofisi, akamwandikia kila mtu kwa jina lake. Mialiko ikafika yote.

Chai ya asubuhi ile haikunyweka.

"Mwanangu," mama wa mapokezi akamshika mkono, "nani kakutuma? Taka ilikuwa mlango wetu wa nyuma, wewe umeupiga kufuli!"

"Ni kazi yangu, mama."

"Kazi yako kutuzika hai?" mhasibu akadakia. "Tulieni, jamani. Mlango ukifungwa, dirisha lipo." Akaigusa barua ile kwenye simu yake, akaitupa taka kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake wakamfuata, kidole baada ya kidole, mbele ya binti wa watu aliyesimama na kikombe chake asijue pa kukiweka.

Siku ya hotuba Kipaza alivihutubia viti. Kesho yake akawaita wote ukumbini, asibaki hata mfagizi; asiyefika, ajihesabu hana kazi. Walifika hadi wenye ruhusa ya ugonjwa.

"Nani alipata mwaliko?"

"Uliingia taka, bosi," mhasibu akasema, mkono kifuani. "Haki ya Mungu, tungeuona tungekuja mbio."

"Mbio kabisa!" wakaitikia kama kwaya.

Karani akapima moyoni. Kusema ni kuwachoma wenzake. Kunyamaza ni kufukuzwa. Akanyamaza.

Kipaza akawatazama safu hadi safu, uso ukaanza kumchanua. "Kumbe mlikuwa na hamu! Na leo mmejaa hadi mlangoni." Akamgeukia karani. "Ukumbi umejaa, binti. Kazi umeipata." Kisha akavaa miwani, akakunjua makaratasi, akagonga kipaza sauti: tu, tu, tu.

Mama wa mapokezi akamwinamia karani sikioni. "Mwanangu, hii hotuba inaisha saa ngapi?"

"Mbona niliandika kwenye mwaliko, mama," binti akajibu kwa adabu zote.