Weupe wa Tumbawe la Nasma

Kazi aliyopewa Kondo ilikuwa nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa maishani, na ndiyo iliyomshinda. Aliambiwa kila asubuhi aongeze maji safi mpaka kwenye mstari, awape samaki chakula cha kubana kwa vidole viwili, kisha akae mbali. Taa zinajiwasha zenyewe na kujizima zenyewe. "Taa usiziguse, shemeji," Abdulhalim alimwambia mara tatu, na mara ya tatu alimshika mkono kabisa.

Sasa mtu akiambiwa neno mara tatu na kushikwa mkono, si ajikalie? Lakini Kondo hakuumbwa kujikalia. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, muuza kamba wakavu pale soko la Kibiti, na katika kila jambo lililozungumzwa sokoni yeye alikuwa na neno la mwisho.

Abdulhalim alikuwa mume wa marehemu Nasma, dada yake mdogo Kondo. Aliishi Maskati miaka kumi na tisa, akifanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, na aliporudi Kibiti na mkewe alirudi na tangi la kioo refu kama kitanda. Ndani yake mlikuwa na matumbawe hai, yaliyooteshwa dukani, kila moja na karatasi yake ya kibali. Watu walicheka. Mtu katoka Arabuni, wenzake wanaleta magari, yeye kaleta mawe! Baadaye wakazoea, wakawa wanapita sebuleni kwake kutazama samaki.

Tumbawe moja lilikuwa la Nasma. Alilichagua mwenyewe lingali dogo kama kifungo cha shati, akaligandisha juu ya jiwe kwa mkono wake. Nasma alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi, na tumbawe likaendelea kukua mpaka likafikia upana wa kisosi. Kwa bahati mbaya, mwaka uleule alipozikwa, macho ya Abdulhalim yalianza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari akasema, macho yote mawili. Kwa miaka mitatu alilihudumia tangi kwa kuzoea tu, akiliona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua.

Ndiyo maana alikubali kwenda Dar es Salaam kupasuliwa, ingawa alikuwa mwoga wa visu. "Barabara naijua, msikiti naujua, sihitaji macho kufika," aliwaambia ndugu siku walipokusanyika kumwombea dua ya safari. "Nataka niione tena rangi ya lile la Nasma. Basi."

Tangi alikuwa amepanga kumwachia Sabra, binti yake Kondo, mwalimu wa shule ya msingi kule Mbwara. Sabra alikuwa amefundishwa kila kitu, hata daftari alikuwa nalo. Hapo ndipo Kondo alipojitia kimbelembele.

"Huyu mtoto bahari kaiona lini?" alisema, watu wote wakisikia. "Mimi mtu wa Kiongoroni! Nimezaliwa maji yako mlangoni. Mambo ya baharini nifundishwe na mtoto wa kuzaliwa Kibiti?"

Watu walicheka. Sabra aliinama akatazama mkeka. Abdulhalim hakubisha, kwa sababu kumkatalia kaka mkubwa wa mkeo mbele za watu ni kumvua nguo, na yeye hakuwa mtu wa kuvua watu nguo. "Haya, shemeji," alisema. "Nakuachia."

Tuseme sasa ukweli ambao Kondo hakuusema siku ile, pengine kwa kuwa mwenyewe alishausahau. Kiongoroni ni tope na mikoko. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na tumbawe hai haliwezi kuishi mle hata siku mbili. Matumbawe aliyoyajua Kondo ni yale mawe yaliyoletwa kwa mashua kutoka upande wa Mafia alipokuwa kijana, walipokuwa wakijenga msikiti. Yalitandazwa juani wiki nyingi, mpaka lile tope na uvundo wote ukatoka, yakawa meupe pe, ndipo yakachomwa chokaa. Tumbawe jema kwake lilikuwa jeupe. Lenye rangi lilikuwa bado chafu.

Kwa hiyo Jumatano, siku mbili baada ya shemeji yake kuondoka, alipovuta kiti akaketi mbele ya tangi, alichokiona kilimkera. Taa za buluu, hafifu, sebule imekaa kama chumba cha mgonjwa. Na mawe yenyewe yana utando wa kahawia na kijani, ute ute umeyafunika. Aliona huruma. Aliona shemeji yake, kipofu masikini, amefuga uchafu miaka mitatu bila mtu wa kumwambia.

Ukutani palikuwa na kisanduku chenye namba, na namba ilisoma arobaini. "Arobaini kwa mia!" Kondo alisema peke yake. "Kitu cha baharini kinyimwe mwanga?" Akabonyeza mpaka mia. Akabonyeza na kitufe cha pili, taa nyeupe zikawaka kama jua la saa saba. Akabadilisha na saa, ziwake alfajiri na zizimike baada ya isha. Kisha akatoka kwenda sokoni, moyo wake mweupe kabisa.

Usidhani alifanya kwa ubaya. Ingekuwa afadhali.

Siku za kwanza matumbawe yalijikunja. Kondo alisema yanajisafisha. Yakatoa nyuzi za ute, akasema uchafu huo unatoka. Jumamosi rangi zilianza kufifia, naye alimwita jirani, mzee Abbasi, aje aone. Siku zilizofuata aliita wengine. Wakaketi kwenye makochi ya Abdulhalim, Kondo akisimama mbele yao mikono nyuma, akiwaeleza mambo ya baharini ambayo mengine aliyatunga palepale.

"Kweli wewe mtu wa pwani," Abbasi alimwambia. Kondo alivimba kichwa siku nzima.

Sabra alikuwa Mbwara akisimamia mitihani. Alipiga simu. "Baba, taa hujazigusa?"

"Nimekuwa mtoto mimi?" Kondo alijibu. Hakujiona kuwa amesema uongo. Alijiona amekwepa maswali ya kipuuzi.

Jumatano ya pili yote yalikuwa meupe. Hata la Nasma. Yalikuwa meupe ya kupendeza, meupe ya ukuta wa msikiti siku ya Idi, na Kondo, Mungu amsamehe, alitokwa na machozi ya furaha. Alipiga picha akamtumia shemeji yake, pamoja na ujumbe wa sauti: "Shemeji, uliyaacha machafu, mimi nimeyatakasa. La Nasma ndio usiseme. Njoo ujionee."

Jibu lilikuja jioni. Abdulhalim alikuwa ametoka kupasuliwa jicho la kwanza, sauti yake nzito ya dawa. "Allah akulipe kheri, shemeji. Picha sitaitazama. Kesho wananifungua, lakini picha sitaitazama. Nataka nije nilione lenyewe, kwa jicho jipya." Kondo aliwasikilizisha watu ujumbe ule sokoni mara nne.

Ijumaa Sabra alifika na mkoba wake begani. Alimwamkia baba yake, akaingia sebuleni, na mkoba ukamdondoka.

Hakupiga kelele. Kondo alikumbuka hilo baadaye, na lilimuuma zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku, akashusha taa mpaka ishirini, kisha akapiga magoti mbele ya kioo akitazama tumbawe moja baada ya jingine.

"Si yametakata?" Kondo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Baba, ule ukahawia ndio uliokuwa unayalisha." Alisema polepole, kama anavyosema na watoto wa darasa la pili. "Ni mimea midogo sana, inaishi ndani ya nyama yao. Mwanga ukizidi wanaitapika. Hawa hawajatakata. Wana njaa."

"Wana?"

"Ni wanyama, Baba. Wako hai. Hawa watatu wa chini bado wana nyama juu yao, wanaweza kurudi kwa miezi, tukiwatunza." Akasogeza kidole juu ya kioo. "La shangazi limekwisha. Hili ni jiwe tu."

Kondo alikaa kwenye kochi. Haya ilimpanda. Aliwaona wote walioketi pale wakimsikiliza, alijiona mwenyewe kasimama mikono nyuma, alisikia sauti yake kwenye ule ujumbe. La Nasma ndio usiseme. Mtu mzima mwenye mvi, amemuua kiumbe wa mwisho aliyeguswa na mkono wa dada yake, kisha akaita watu waje washangilie.

"Tuseme umeme ulikatika," alisema.

Sabra alimtazama. Kondo hakuweza kuyahimili macho yale, akageukia ukuta.

"Mimi sisemi kitu, Baba," alisema Sabra. "Si langu kusema."

Siku mbili zilizofuata Kondo hakwenda sokoni. Alijaribu maneno mengi kichwani, ya umeme, ya maji, ya taa kuharibika zenyewe. Kila alipoyapanga vizuri yalimtia haya upya, akayaacha.

Jumapili alasiri Abdulhalim alirudi. Alishuka kwenye gari akicheka, miwani myeusi usoni, akiwasalimia watu kwa majina kabla hawajafungua midomo, ili wajue anaona. Abbasi alikuwepo, na majirani wengine watano au sita waliokuwa wakija kusikiliza mahubiri ya Kondo. Waliingia wote sebuleni. Kondo aliingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango.

Abdulhalim alivua miwani. Akasogea kwenye tangi, akainama, jicho lake jipya karibu na kioo. Alikaa hivyo muda mrefu, akafumba jicho, akafumbua. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Ile furaha ilimtoka usoni taratibu, na mahali pake pakaingia hofu.

"Naona jeupe," alisema. "Yote naona meupe." Akageuka, akamtazama Sabra, akatazama shati la Abbasi, akatazama pazia. "Daktari alisema buluu itazidi siku za mwanzo. Hakusema rangi nyingine zitapotea." Alijaribu kucheka. "Hebu niambie, Sabra. Lile la Nasma si la kijani? Shemeji kasema linapendeza. Basi jicho limeharibika. Wameniharibu jicho."

Sabra alitazama mkeka, kama siku ile ya dua.

Na hapo, katika ukimya ule, Kondo aliona upenyo wa kuponyoka. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Shemeji yake angerudi Dar es Salaam, madaktari wangemwambia jicho ni zima, naye asingewaamini. Angeamini maneno ya Kondo. Angekufa akiamini kwamba tumbawe la mkewe linang'aa pale sebuleni na yeye ndiye asiyejaliwa kuliona. Na Kondo angebaki mtu wa pwani.

Tusimsifu kwa alichofanya. Alikawia. Alikawia mpaka Abdulhalim akatoa simu amtafute daktari.

"Jicho lako zima, shemeji," alisema Kondo kutoka mlangoni.

Abdulhalim aligeuka.

"Ni meupe kweli. Mimi nimeyafanya meupe. Taa uliniambia nisiguse, nikagusa. Nilidhani ni uchafu." Alitaka kuishia hapo, lakini maneno yakaendelea kutoka. "La Nasma limekufa. Sabra aliponiambia nilitaka nikudanganye umeme umekatika. Na sasa hivi hapa, shemeji, nilitaka ninyamaze uamini umepofuka."

Abbasi alikohoa, akajifanya anatafuta kofia yake. Hakuna aliyecheka, na Kondo angelipa chochote mtu acheke.

Abdulhalim alishusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo naona," alisema taratibu. "Alhamdulillahi. Naona." Akaketi kwenye kochi kama aliyebebeshwa mzigo na kutuliwa mwingine. Alilitazama tangi kitambo kirefu. Hakuwa na hasira usoni, na Kondo aliyekuwa amejiandaa kwa hasira hakujua la kufanya na uso wake.

Kisha Abdulhalim akapiga kochi kwa kiganja. "Njoo ukae, shemeji."

Kondo alikwenda akaketi, magoti pamoja, kama mtu aliyekwenda kuposa.

"Miaka mitatu sikuliona sawasawa," Abdulhalim alisema. "Wewe uliliona. Uliliona likiwa zima, kwa macho mazima, siku mbili kabla hujagusa kitu. Lilikuwa limekuwaje? Kijani kile cha mwanzo, au lilishabadilika? Katikati lilikuwa na zambarau, nakumbuka. Ilikuwepo?"

Alikuwa amemwegemea kidogo, anangoja, jicho moja jekundu bado kwa kupasuliwa. Sabra alijua jibu, lakini hakuulizwa yeye. Maneno matamu yalimjia Kondo mdomoni, kama yalivyomjia maisha yake yote: zambarau, naam shemeji, zambarau iliyoiva. Ingekuwa sadaka hata. Alifungua mdomo ayaseme, akalitazama lile jicho.

"Sijui," alisema. "Sikulitazama."