Ufa Kwenye Tundu la Skrubu

Mashine ilinyamaza saa nne asubuhi. Rumyana hakuhitaji kuinua kichwa kujua kwamba chuma kimekatika.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipima vyuma vya hospitali katika maabara moja mjini Plovdiv. Safari hii ulikuwa msumari mrefu wa kurefusha mguu. Huingizwa ndani ya mfupa wa paja uliokatwa, kisha hurefushwa kwa sumaku kutoka nje, milimita moja kwa siku. Mashine iliukandamiza na kuuachia, kama mtu anayetembea, mara laki tano. Misumari mitano ya kwanza ilivuka salama. Wa sita ulikatika kwenye laki tatu na elfu kumi.

Zdravko, mkuu wake, aliugeuzageuza mkononi. "Uliufunga vibaya."

"Niliufunga kama ile mitano, bosi. Tazama kwenye tundu la skrubu. Ufa umeanzia hapo, si pale ulipobanwa."

Zdravko alitazama, akavuta kiti. Wote wawili walikuwa wakimfikiria Kiril, mfuga nyuki wa Asenovgrad, mtu wa kwanza kuwekewa msumari wa aina hiyo. Mguu wake ulikuwa umeshafikia mwenzake, na wiki hiyo angeacha magongo.

"Nipe wiki moja nizungumze na kampuni," Zdravko alisema.

"Wiki moja ni hatua ngapi?"

Rumyana akachukua simu.

"Ukipiga, usiseme nimekuruhusu."

"Sitasema."

Daktari Mincheva, aliyemwekea Kiril msumari, alimsikiliza bila kumkatiza. "Ametoka hapa asubuhi hii," alisema. "Kwa miguu yake, bila magongo. Usikate simu."

Rumyana akamsikia akipiga kwa simu nyingine yenye kipaza sauti. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Kiril, uko wapi?"

"Kwenye ngazi, daktari. Naenda kwa dada yangu ghorofa ya nne, lifti imekufa."

"Keti hapo hapo ulipo."

"Miezi saba nimeketi."

"Kiril, nakuomba. Keti, usiukanyage huo mguu."

Ikasikika pumzi nzito ya mtu anayejishusha kwenye saruji, na tusi la chini kwa chini.

Wahudumu wa ambulensi walimkuta kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, wakamshusha kwa machela. Wiki iliyofuata msumari ulitolewa, akawekewa mwingine wa kawaida, na magongo yakaanza upya. Ule wa kwanza uliletwa kwa Rumyana. Chini ya darubini, kwenye tundu lile lile, ufa ulikuwa umeshazunguka nusu ya chuma.

Zdravko aliinama kwenye darubini kwa muda mrefu. Akaomba kalamu, akatia sahihi ripoti kama Rumyana alivyoiandika.

Kiril alimpigia Rumyana simu mwenyewe, sauti bado ina uchungu. "Dada, zilibaki hatua ngapi chuma kikatike?"

"Sijui, kaka."

"Wewe si ndiye mpimaji?"

"Ndiyo. Lakini nisingekuacha umalize ngazi zile."

Kiril akashukuru, akakata simu.