Chupa ya Kupikia

Ciakuthii, mama ya Mugendi, alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwa amewahi kukanyaga duka la pombe. Alikuwa mpishi mkuu wa gesti ya Ndwiga pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, na Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani na akina mama wenzake wa Mothers Union. Kwa hiyo Alhamisi ile, Angeline binti ya Ndwiga alipokuja jikoni na habari ya wakwe, wazazi wa mchumba wake, alidhani amesikia vibaya.

"Mama Mugendi, Jumamosi watu wa kina Muthomi wanakuja kutoka Kianjai kuniona. Nataka stek na mchuzi wa wiski."

"Mchuzi wa nini?"

"Wiski. Niliula Nairobi. Unatoa sufuria kwa moto, unamimina, halafu unarudisha. Ule ukali unaenda, ladha inabaki. Na usinunue ya bei kubwa, ni ya kupikia tu."

"Si ununue mwenyewe?"

"Mimi najua kunywa soda. Wewe ndiye unajua chakula."

Neno hilo lilimfunga. Saa tano alisimama mbele ya duka la pombe la Mbae karibu na soko, kiondo begani, akajifanya anatafuta kitu ndani yake mpaka njia ikapungua watu. Alipoingia, hakuinua macho. Aliomba kichupa cha wiski ya bei ya chini kabisa, akakizika chini ya kabichi, akatoka kama aliyeiba.

Alikijaribu mchana huo huo kwa kipande kimoja cha nyama. Mchuzi ulipopungua, jikoni kote kukanuka kama chumba cha sindano. Gatakaa, msaidizi wake, aliutia mdomoni kwa ncha ya kijiko akakunja uso.

"Mama, hii ni dawa ya kidonda."

Ciakuthii aliumwaga, lakini hakuweza kuacha kuufikiria. Kila mpishi anajua kwamba ukichemsha kitu hadi maji yaishe, kinachobaki ndicho kile kitu chenyewe. Kumbe ndani ya ile chupa hamkuwa na kitu ila ukali na rangi. Basi ndani ya zile nyingine mna nini?

Ijumaa alirudi dukani, na safari hii aliinua macho. Chupa zilipanda hadi dari, za rangi ya chai, ya asali, ya udongo wa Mbeere baada ya mvua. Jua lilikuwa limeingia mlangoni likazipitia zote kwa pamoja. Alisimama akiangalia hadi Mbae akakohoa.

"Mama, ile ya jana imeisha?"

"Mimi sinywi, Mbae. Napikia wageni mchuzi. Ile ilikuwa bure kabisa. Nataka nzuri lakini isiwe ya matajiri."

Mbae hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye sweta ya kijivu. Alimwekea kwenye kaunta chupa tatu alizokuwa ameshazifungua, zile anazouza kwa kipimo. "Onja."

"Nimekwambia sinywi. Hiyo thamosi ina nini?"

"Maji moto, ya kahawa yangu."

"Nipe vikombe vitatu, uweke maji kidogo kila kimoja, na tone la kila chupa. Maji moto yatafukuza ukali. Nataka kunusa kinachobaki."

Mbae alimtazama, akafanya alivyoambiwa. Kikombe cha kwanza kilikuwa na harufu nyepesi, ya nafaka mbichi, kisha haikuwapo tena. Cha pili kilinuka moshi, moshi mzito wa kuni mbichi. "Hii ni ya Scotland," Mbae alisema. "Watu wa nyama choma wanaipenda." Ciakuthii aliona ingeumeza mchuzi mzima.

Aliinamia cha tatu, na hapo akasahau alipo.

Baba yake alikuwa mtu wa nyuki huko Mbeere. Kabla ya kutundika mzinga mpya alichoma gogo kwa ndani kwa makaa hadi likawa jeusi, na akirina asali alimpa bintiye mabaki ya masega yaliyoshika ule mti ulioungua. Tangu baba azikwe, miaka thelathini na moja, Ciakuthii hakuwa amekutana na harufu ile. Sasa ilikuwa ikimpanda usoni kutoka kwenye kikombe cha plastiki.

"Hii," alisema polepole, "imekaa kwenye mti uliochomwa ndani."

Mbae aligeuza chupa, akasogeza miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Alisoma mara ya pili. "Ni bourbon, wiski ya Marekani. Inasema imekaa kwa mapipa yaliyochomwa moto ndani." Akainua uso. "Mama, umejuaje?"

"Na imepikwa na nini? Ina utamu."

"Mahindi."

"Mahindi haya yetu?"

"Mahindi tu, mama. Imeandikwa hapa, sehemu kubwa ni mahindi."

Wakatazamana. Ciakuthii alikuwa ameyapalilia mahindi, ameyapukuchua, ameyapika githeri maisha yake yote, na hakuna siku yalimwambia kwamba yana jambo hili ndani yao. Alichukua kichupa kidogo cha hiyo ya tatu. Ilizidi ile ya Alhamisi kwa bei ya kilo moja ya sukari hivi, wala haikukaribia zile za rafu ya juu.

Jumamosi, wageni wakiwa wameshakaa, alikaanga stek hadi sufuria ikashika rangi. Akaitoa motoni, akamimina, akairudisha. Moto ulipanda kutoka sufuriani bila sauti, wa buluu kama maua ya mjakaranda, ukafika usawa wa paji lake la uso. Gatakaa alirudi nyuma hadi mlangoni. Ciakuthii hakusogea, maana hakuwa ameona moto wa namna ile, usio na moshi wala pupa, ukicheza juu ya chakula bila kukiunguza. Kisha ukajizima wenyewe, na ile harufu ikajaa jikoni. Akaongeza supu ya mifupa, pilipili manga na malai, akaacha vishikane.

Hakuwa amewahi kutoa chakula asichokionja. Alishika kijiko, akakiangalia, akasema kimoyomoyo, "Bwana, unajua ninachofanya," akaonja. Akachota tena.

Alipeleka mwenyewe mabakuli mawili ya mchuzi. "Wageni wetu, msinilaumu baadaye. Hii ina wiski. Hii nyingine haina, nimeipika kwa ukwaju kwenye sufuria yake. Kila mtu achague."

Angeline aliangalia sahani yake. Mama ya Muthomi alivuta bakuli la ukwaju bila kusita. Mzee Kiogora, baba ya Muthomi, mzee wa kanisa la Methodist, aliwaza kidogo, akachota kijiko kimoja cha ule mwingine. Alitafuna. Akaacha kutafuna, akafumba macho, halafu akaendelea polepole sana.

"Mama," alisema mwishowe, "nimekula nyama miaka sabini. Kumbe nilikuwa nimeizoea tu."

Mkewe akasogeza sahani yake. "Hebu nitilie kidogo pembeni."

Jumatatu Ciakuthii alipitia dukani kwa Mbae mchana kweupe, bila kujificha, na bakuli la nyama na mchuzi lililofunikwa. Mbae alikula akiwa amesimama katikati ya chupa zake. Mteja aliingia, akaita, akaita tena, Mbae akamwinulia kiganja angoje. Alipomaliza alichukua mkate akafuta bakuli, kisha akageuka kuzitazama rafu zake toka chini hadi juu, kama mtu aliyehamia hapo leo.

"Miaka kumi na moja nauza hii kitu," alisema. "Mama, hizi nyingine zina nini ndani?"

Ciakuthii alishusha kiondo sakafuni. "Chemsha maji," alisema.