Kamati ya Kumpandisha Mama Jabalini

Jumapili ile Blandina alirudi kutoka kikaoni amechoka mwili na roho, akavua viatu mlangoni na kujitupa kwenye kochi bila hata kubadili nguo za kanisani. Kikao chenyewe, Mungu atusamehe, kilikuwa cha kamati ya kumpeleka mama yake matembezini. Ndiyo, kamati. Kwetu Iringa hakuna shughuli ndogo. Ukitaja tu mbele ya ndugu zako kwamba unataka kutoka na mtu mahali, kabla hujamaliza sentensi mwenyekiti ameshapatikana, katibu ameshapatikana, na kuna dada mmoja ameshaanza kuulizia bei ya vitenge vya sare. Alichokuwa amesema Blandina, miezi mingi nyuma, kilikuwa kidogo sana. Daktari amesema presha ya macho ya Mama haina kurudi nyuma, nuru iliyobaki inazidi kupungua, na Mama ameomba jambo moja tu: apande Jabali la Kinyangulu, aitazame nchi kutoka juu kabla macho hayajafunga. Maisha yake yote alikuwa ameliona kwa chini, akipita na mzigo wa kuni kichwani. Siku hizi jabali limekuwa hifadhi, lina geti na walinzi, watu wanakwenda kupanda, kupiga picha na kulala kwenye mahema, na bibi huyu aliyezaliwa ubavuni pake hakuwahi kupata siku ya kufika juu.

Kaka Gaudensi, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu kwa sababu alitangulia kuzaliwa, alisema Mama hawezi kwenda kimyakimya kama mtu asiye na watoto. Hapo ndipo lilipoingia suala la mpishi, likafuata la muziki, na safari ikaanza kupigwa danadana. Mara isubiri vitenge, mara imsubiri baba mdogo apate likizo. Siku hiyo mwenyekiti alitangaza kwamba itasogezwa mpaka mvua zinazokaribia zipite, maana zikianza jabali linateleza na walinzi hawaruhusu mtu kupanda. Kila aliyekuwepo alijua msimu wa mvua ni mrefu na macho ya Mama hayana muda huo, lakini hakuna aliyelisema. Blandina alifungua kinywa apinge. Kikatoka kitu kingine: "Sawa, kaka." Na kilichomsumbua njia nzima ya kurudi nyumbani si uamuzi ule, bali ni kwamba aliposema sawa alisikia nafuu moyoni, na hakuelewa nafuu ya nini. Pale kwenye kochi akamsikia Mama akipita ukumbini, kiganja kikipapasa ukuta kuelekea jikoni. Akafumba macho asiisikie sauti ile, na usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko kwenye nchi pana isiyo na barabara, nyasi zimefika magotini, na mbele yake jabali kubwa la kijivu, upara mtupu kuanzia chini hadi juu, kilele chake kimejaa mwanga. Mama alikuwa pembeni yake, ameshika mkono wake wa kushoto. Wakaanza kutembea. Hawajafika mbali wakakutana na mwanamke mnene, mzuri, amejifunga vitenge juu ya vitenge, kakaa katikati ya viti vilivyopambwa vitambaa na maua kana kwamba harusi inakuja. Akawakaribisha kwa vigelegele, akasema jina lake ni Fahari, na papo hapo akamtwisha Blandina sufuria kubwa la pilau. "Mwanangu, utampandisha mama yako na chupa ya maji tu? Watu watasemaje?" akauliza, na huku anauliza anaongeza: spika ya muziki begani, rundo la sahani kwapani, bango lenye picha ya Mama shingoni. Blandina alitaka kukataa, ila kila alichopewa kilikuja na sifa, na sifa, jamani, ni vigumu kuirudisha kwa mwenyewe. Akaendelea na safari, shingo imezama mabegani.

Kabla ya kufika jabali linapoanzia wakamkuta kijana mtanashati amekaa kwenye kiti cha kunyoosha miguu, karibu yake viti viwili vitupu. Alikuwa na sauti tamu na meno mazuri. "Karibuni, dada. Mimi ni Baadaye. Mbona jasho linakutoka hivyo? Jabali hili lipo tangu dunia iumbwe, halikimbii. Pumzikeni kwanza." Blandina akaona ni maneno ya akili kabisa, akaketi na mizigo yake yote. Lakini alipoinua macho aliona nyasi zimepoteza ukijani. Akakaa tena kidogo, kwa kuwa Baadaye alikuwa anasimulia jambo la kuchekesha, na alipotazama tena mbingu ilikuwa imefifia na ule mstari wa milima ya mbali haupo. Akashtuka, akamgeukia mama yake. Mama alikuwa anaangalia mbele vilevile, kwa utulivu, akikodoa macho kwenye nchi iliyokuwa inazimika mbele yake, na hakulalamika hata kwa neno moja.

"Inuka," ikasema sauti. Ilitoka kwa mwanamke mfupi aliyeshuka kutoka jabalini, amevaa raba zilizochakaa na suruali chini ya kitenge alichokipandisha magotini. Hakuwa na pambo lolote. Akasema anaitwa Kiasi, na kazi yake ni kupandisha watu. Alimzunguka Blandina akiitazama mizigo, akacheka kidogo. "Hilo sufuria ni la nani?"

"La wageni," akajibu Blandina.

"Wageni wako wapi?"

Blandina akageuka. Nyuma yao hapakuwa na mtu, nyasi tupu mpaka macho yanapoishia. Akaona haya, akatua sufuria, akatua spika na sahani, akavua bango. Kiasi akamwelekeza kwa sauti ya polepole, sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayohayo kwa wengi na bado anayaamini. "Jabali linataka mguu, na halina haja na shughuli. Panda asubuhi, jiwe likiwa bado la baridi. Ukiona michirizi myeusi, hiyo ni njia ya maji, inateleza, iache. Kanyaga palipo peupe penye chengachenga, hapo soli inashika. Pumzika kabla hujachoka. Mtangulize mama yako, mwendo uwe wake. Ukiwa na maji na kitu kidogo cha kutafuna, umejiandaa vya kutosha."

Basi Blandina akainua mguu apande. Mguu ukagoma. Mizigo hana, njia anaiona, mwalimu anaye, na bado mguu umeganda. Ndipo alipogundua kwamba mkono wake wa kulia nao umeshikwa, na kwa muda wote ule ulikuwa umeshikwa. Aliyeushika alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa huruma, na uso huo ulikuwa wa Blandina mwenyewe, ila wa Blandina asiyelala siku nyingi.

"Usinifukuze," akasema yule mwanamke. "Mimi ni Hofu, na ninakupenda kuliko hao wote. Fahari ni mdogo wangu, Baadaye ni mwanangu wa kumzaa. Ni mimi niliyewatuma wakucheleweshe. Fikiri, Blandina. Mkipanda, Mama ataona. Akishaona, itakuwa ameona kwa mara ya mwisho, na mtashuka kwenda kulisubiri giza. Msipopanda, hiyo mara ya mwisho haitafika. Tukae hapa hapa. Si ndivyo ulivyotaka ulipomwambia kaka yako sawa?"

Blandina akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia ndotoni, bila kujali kamasi, kwa kuwa yalikuwa kweli neno kwa neno. Kamati haikumzuia. Alijificha ndani yake, na Gaudensi naye huenda alijificha humohumo, kila mmoja nyuma ya kitenge chake. Alidhani Kiasi atamfokea Hofu na kumtimua, lakini Kiasi hakufanya hivyo. "Huyu atakufuata popote utakapokwenda na mama yako," akasema. "Mwache aje. Ila atembee nyuma, na mikono yako yote miwili mpe anayekuhitaji."

Blandina akauvuta mkono wake wa kulia, ukatoka. Akamshika mama yake kwa mikono miwili, mguu ukainuka, wakapanda. Jiwe lilikuwa la baridi chini ya nyayo. Kadiri walivyopanda rangi zilirudi, kwanza kijani cha mashamba, kisha udongo mwekundu wa njia, na Mama akaanza kucheka kicheko ambacho Blandina hakuwa amekisikia tangu siku ya daktari. Zikabaki hatua chache kufika kileleni. Mama akanyoosha shingo atazame upande wa pili, Blandina naye akanyoosha yake, na hapo akaamka.

Jua la alasiri bado lilikuwa kwenye pazia. Akajifuta mashavu yaliyolowa, akielewa sasa ile nafuu ilikuwa ya nini. Kisha akampigia kaka yake simu. "Kaka, shikamoo. Kesho asubuhi nampeleka Mama Kinyangulu. Kazini nitaomba ruhusa. Sihitaji kikao." Gaudensi alianza kusema habari za utaratibu, akaishia katikati. "Niwapitie na gari?" akauliza mwenyekiti kwa sauti ndogo, na Blandina akasema ndiyo, wapitie mapema.

Akamkuta Mama jikoni anachambua maharage kwa vidole, uso kautazamisha dirishani.

"Mama, kesho tunakwenda jabalini. Mimi, wewe na kaka. Basi."

Vidole vya Mama vikasimama. "Kweli?"

"Kweli. Mbona miezi yote hii hukutuambia kwamba tunakuchelewesha?"

"Ningesemaje?" Mama akainua uso, akautafuta uso wa binti yake mpaka akaupata. "Mimi na macho yangu tulishaagana zamani, mwanangu. Niliona ninyi ndio bado, nikasema niwasubiri."