Gari Lisilo na Klachi

Kabla ya kukatwa mguu, Munyao alikuwa dereva wa lori katika shamba la kahawa la Bwana Hadwin, nje kidogo ya Ruiru. Kwa miaka minane alipeleka magunia Thika kwa lori ambalo madereva wengine walilikwepa, maana giaboksi yake ilikuwa kali. Ulikanyaga klachi, ukatoa gia, ukaachia, ukasikiliza injini, ndipo ukakanyaga tena. Ukikosea, meno yalisagana hadi wachuma kahawa wakainua vichwa. Munyao alikuwa hakosei.

Mwaka wa 1955 breki zilikatika kwenye mteremko wa Ndarugu, lori likabiringika. Mguu wa kushoto, ule wa klachi, ulikatwa chini ya goti. Bwana Hadwin akampa mkongojo na kazi ya kufungua lango.

Miaka miwili baadaye likaja gari jipya kutoka Amerika. Ndung'u, dereva wa nyumbani na rafiki yake, alilisimamisha langoni.

"Munyao, njoo uone. Hili halina klachi."

"Gia utabadilishaje?"

"Linabadilisha lenyewe. Wanasema kuna mafuta ndani yanazunguka, ndiyo yanafanya kazi ya mguu." Ndung'u alitikisa kichwa. "Mimi silipendi. Lori wewe ndiye unayelichagulia gia, hili linajichagulia. Mlimani linavuta polepole, petroli linakunywa kama maji, na siku likiharibika, hakuna fundi Thika nzima atakayejua kulifungua."

Munyao hakusikia hayo yote. Alikuwa ameinama, anatazama chini ya usukani. Pedali zilikuwa mbili tu.

"Ndung'u," alisema polepole, "hili linataka mguu mmoja."

Majuma matatu, kila Ndung'u alipotumwa stesheni, alimpitia rafiki yake saa ya chakula, akamwachia usukani kwenye barabara ya shamba. Wakapanga. Munyao ataomba kazi ya gari, na Ndung'u ataomba ya lori, ambalo dereva wake alikuwa anaondoka. Ndung'u mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia Bwana.

Bwana Hadwin alicheka, lakini akakubali kumjaribu. Alikaa mbele, memsaab, mkewe, nyuma. Munyao aliwapeleka Thika na kuwarudisha bila hata kuwatikisa. Alipozima injini, alipapasa usukani, akatabasamu.

"Wewe naendesha mzuri sana," Bwana alisema. Kisha akamgeukia mkewe, wakasemezana Kiingereza, wakacheka. "Sikia, Munyao. Kama mtu ya mguu moja naweza, memsaab naweza. Kwa nini mimi nalipa dereva?"

"Na Ndung'u, Bwana? Lori..."

"Lori nimepata dereva ingine kutoka Thika. Ndung'u nakwisha kazi leo."

Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Mkikuyu kama Ndung'u, ambaye kitabu chake cha kazi hakikuwa na sahihi ya mwajiri, hakuweza kubaki Ruiru. Alirudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwenye kijiji cha kuzungushiwa waya. Munyao alijua hivyo. Alimfuata Bwana hadi barazani.

"Bwana, nifukuze mimi. Mimi ni Mkamba, nitarudi Machakos, hakuna atakayeniuliza kitu. Huyu mwache hata langoni."

"Wewe rudi kazi yako," Bwana alisema, akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata Ndung'u alikuja langoni na godoro kichwani. Nyuma yake alikuwa mkewe Waceke, mtoto mgongoni na sufuria mbili mkononi. Munyao alinyoosha mkono usio na mkongojo ili ashike sufuria, awasindikize hadi barabarani.

"Wacha," Waceke alisema. "Umeshatusaidia."

"Waceke, usimwambie hivyo," Ndung'u alisema. "Tulipanga pamoja." Lakini yeye pia hakumtazama Munyao usoni. Alisema tu, "Fungua, bwana. Askari hawapendi tukichelewa."

Munyao alifungua. Aliwatazama hadi walipopinda kwenye mibuni, na hakuna aliyegeuka.

Saa nne memsaab alishuka na gari peke yake, glavu nyeupe kwenye usukani. Alipiga honi, ingawa lango lilikuwa bado wazi. Munyao alivua kofia.