Mto Jasna Katika Darasa la Sita

Jumatatu moja ya Machi 1993, saa mbili na robo asubuhi, mwalimu Maneno alichora mto kwa chaki ya buluu kwenye ubao wa darasa la sita, katika shule moja ya mtaa wa Kimisagara. Ulikuwa mto Jasna, unaoukata katikati mji mdogo wa Vrelac, huko Bosnia. Maneno alikuwa ameusikia mji huo redioni. Alichora msikiti ukingo wa kushoto, kanisa ukingo wa kulia, na daraja la mawe lenye matao matano. Juu kidogo ya daraja aliweka kinu cha maji, ambapo watu wa kingo zote mbili walikuwa wakisaga ngano yao kwa miaka mia tatu.

"Kisha akaja karani," alisema Maneno. "Akamuuliza kila mtu ni wa upande gani, akaandika."

Hapo maji yakaanza kutoka ubaoni. Yaliteremka ukutani, yakapita chini ya madawati, yakatokea mlangoni kuelekea mtaroni.

"Mwarimu, maji iko baridi," alisema Gaju, msichana wa dawati la mbele, akiinua miguu.

"Ni theluji ya milimani. Huyeyuka mwezi wa tatu. Andikeni."

Wakaandika.

Kufikia Jumatano wanawake walipanga foleni nje ya darasa na madumu, kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa kavu kwa wiki ya pili. Alhamisi mto ulileta milango minne ya nyumba, kila mmoja ukiwa na alama ya msalaba kwa rangi nyeupe. Nyirarukundo, mama yake Gaju, alichukua mmoja kwa ajili ya jiko lake. Aliusugua kwa mchanga mara tatu. Alama haikutoka.

Ijumaa alikuja mkaguzi, Jean-Berchmans, na fomu ya kila mwaka. Wahutu husimama, huhesabiwa, hukaa. Kisha Watutsi husimama. Gaju alikuwa akisimama hivyo kila mwaka tangu darasa la kwanza, yeye na wenzake watatu, darasa zima likiwatazama. Safari hii alikuwa amemwambia Maneno kwamba akisimamishwa tena, harudi shule.

Siku hiyo maji yalifika magotini. Watoto wote thelathini na wanane walikuwa wamesimama juu ya madawati.

"Watutsi wasimame," alisema mkaguzi.

"Wote wamesimama, bwana mkaguzi."

"Basi wengine wakae."

"Tukae wapi?" aliuliza Évode, mrefu kuliko wote, Mhutu kwa mujibu wa fomu ya mwaka jana. "Huku chini iko samaki."

Darasa likacheka.

"Maneno, futa huo mto."

Maneno alichukua kifutio, akakitupa majini. Kilielea, kikampita mkaguzi, kikatoka mlangoni.

"Mto huu ni mkubwa kuliko fomu yako," alisema Maneno. "Ukitaka kuhesabu, hesabu thelathini na wanane."

"Thelathini na tisa," alisema Gaju. "Na Mwarimu."

Mkaguzi hakukasirika. Alivua viatu, akafunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni. Alivuka hadi kabatini, akatoa daftari la mwaka uliopita, akanakili majina manne. La Gaju lilikuwa la kwanza. Alipuliza wino ukauka.

"Umeshanifanyia kazi," alimwambia Maneno, akimwonyesha ukurasa wa daftari. "Una mwandiko mzuri."

Maneno aliutazama. Ulikuwa mwandiko wake, na mistari alikuwa ameinyoosha kwa rula.

Mkaguzi aliingiza karatasi katika mkoba wa plastiki, akaushika juu ya kichwa, akavuka kurudi mlangoni. Nje aliazima dumu kwa mwanamke wa mwisho kwenye foleni, akanawa miguu.

Jumatatu Gaju alirudi. Alipanda dawati la mbele, akasimama kati ya Évode na dirisha. Maneno alichukua chaki ya buluu, akaupanua mto kwa upana wa viganja viwili.

Karatasi ya majina manne ilikuwa imeshafika ofisini. Haikulowana.