Pamba Mgongoni mwa Makarius

Kijiji kizima cha Kumsenga kilimjua Makarius kwa mambo mawili: ukoma wake na majigambo yake. Ukoma uliisha zamani, baada ya miaka miwili ya kumeza dawa bila kukosa. Majigambo hayakuisha. Kadi yake ya matibabu aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi, na mkewe alishachoka kulalamika.

Lakini majigambo hayo yalikuwa na kazi. Makarius alizunguka vijijini kwa kujitolea akitafuta wenye mabaka ya ukoma, yale yasiyosikia kuguswa, na kila mkutano aliumaliza vilevile. Anavua shati, anafumba macho, mtu anamgusa kwa kipande cha pamba, naye anaonyesha kwa kidole palipoguswa.

"Mnaona? Hii ndiyo ngozi ya mtu aliyemaliza dawa!"

Siku moja, mkutanoni hapo Kumsenga, pamba alimpa Aline, mama kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Aline alikuwa mwezi wa tano wa dawa. Vidonge vilikuwa vimemtia weusi usoni, majirani wakamcheka, na wiki nzima alikuwa akisema ataacha. Makarius alitaka ajionee mwenyewe.

Aline akagusa bega, Makarius akaonyesha. Akagusa kiuno, akaonyesha. Kisha Makarius akangoja.

"Endelea, mama."

"Nimeshagusa, mzee."

"Rudia."

"Nagusa sasa hivi."

Makarius hakusikia kitu. Aline akamwinamia sikioni. "Mzee, nitasema umeonyesha. Vaa shati tu."

Ingekuwa rahisi mno. Lakini mtu aliyewavua watu wengi mashati ili awakague angefichaje mgongo wake? Akafumbua macho.

"Jamani, hapa sisikii. Huenda ugonjwa umerudi. Hutokea kwa wachache, na leo imekuwa zamu yangu. Kesho nakwenda hospitali, Kibondo."

Hakuna aliyepiga makofi. Aline aliondoka na pamba yake bila kuaga, na hilo lilimuuma Makarius kuliko baka lenyewe. Alijua amemvunja moyo.

Kesho yake daktari Firdausi, mwenyeji wa Tanga, alichukua kipimo kwenye ndewe ya sikio. Majibu yakatoka: vimelea vimerudi.

"Tunaanza upya, mzee. Utapona tena."

"Najua," alisema Makarius, na kweli alijua. Ila macho yake yalikuwa mlangoni. Ilikuwa siku ya Aline ya kuchukua dawa za mwezi, na benchini hakuwepo.

Saa sita mchana Aline akaingia, vumbi hadi magotini. Nyuma yake walikuwepo wanawake wawili wa Kumsenga, wamejitanda khanga hadi shingoni.

"Samahani, daktari, nimechelewa. Tangu jana napita nyumba kwa nyumba na pamba. Hawa wana mabaka, na walikuwa wanagoma kuja."

"Ukawaambiaje?" daktari aliuliza.

"Niliwaambia mzee mwenyewe anakwenda kupimwa tena, na hakujificha." Akanyoosha mkono. "Ego, ndiyo, nipe na zangu."

Akameza za siku hiyo hapohapo, mbele ya wote. Makarius naye akameza zake za kwanza.

Daktari akarudi kwenye fomu yake. "Mzee, hili baka lako aliligundua nani?"

"Andika Aline," alisema Makarius, kwa sauti iliyofika hadi getini. "Mwanafunzi wangu. Na hilo liandike."